Jiwe Lenye Pumzi

Ami halinunui jiwe kabla hajalipuliza. Hulitoa kwenye katoni, akalipapasa pande zote, akatafuta tundu la kutosha ncha ya kidole, akaliweka mdomoni na kupuliza polepole. Kiganja cha mkono wa pili huwa kimekinga ng'ambo ya jiwe, vidole vimetanuliwa, vinangoja kuona upepo utatokea wapi. Ukitokea mahali pawili patatu, hasa pale ambapo jicho halikuona tundu lolote, jiwe hutuliwa kulia kwake juu ya gunia. Usipotokea, jiwe hurudi katoni bila neno. Kijana wa duka alikuwa amesimama pembeni na mizani yake tayari, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hajapata kumwona mteja wa namna hii. Katoni zilizofunguliwa asubuhi ile, nyingi zilifungwa tena karibu zikiwa zimejaa.

Yeye ni fundi wa matangi ya maji chumvi. Nyumbani kwake Seeb, nje kidogo ya Muscat, na katika majumba ya watu wenye uwezo, hujenga miamba midogo ndani ya vioo. Humo hupandwa matumbawe na kufugwa samaki wa bahari, na maji huenda na kurudi usiku na mchana kwa nguvu ya pampu. Vijana wa mtaani wanamwita Ami, nami namwita hivyo hivyo. Kiswahili chake ni cha Unguja mjini. Babu yake alikuwa mwashi wa Mji Mkongwe, na ukoo wao ulihamia Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoanza kutawala na Wazanzibari wengi wenye asili ya huko wakarudi. Babu naye alihama, akaishi Muscat miaka yake ya mwisho bila kushika tena mwiko. Mji ulikuwa unajengwa kwa zege, na hakuna aliyemhitaji mtu wa mawe na chokaa. Kazi ya uashi ilikoma naye, lakini jicho na mkono alimwachia mjukuu, na mjukuu akavipatia kazi mahali ambapo babu asingepaota: katika kuchagua mawe makavu ya tangi.

Nataka kuusifu ufundi huu kwa sababu ni wachache wanaouona kuwa ni ufundi. Wageni wakiingia sebuleni na kukuta tangi, husifu rangi za matumbawe, husifu samaki, husifu hata taa. Jiwe halitazamwi. Baada ya mwaka au miwili limekwisha kufunikwa, halionekani kabisa. Lakini kila kilichomo mle kimesimama juu ya uamuzi uliofanywa siku jiwe lilipochaguliwa, na uamuzi huo haubadiliki kirahisi, maana kulitoa jiwe la chini ni kukibomoa kila kilichoota juu yake. Ufundi ambao kosa lake huonekana mwaka wa pili, na ambao uzuri wake hufichwa na kazi yenyewe, unastahili kutajwa na mtu.

Ami alikuwa mtoto walipoondoka Unguja, lakini anakumbuka vizuri akifuatana na babu yake kwenda machimboni. Anakumbuka vumbi jeupe kwenye nyusi za wachimbaji, na jinsi kelele zilivyopungua mzee akifika. Babu alipita katikati ya lundo, nyundo mkononi, akigonga mawe kwa mgongo wa nyundo na kuinamisha kichwa. Jiwe lililolia kwa sauti kali lilikwenda upande mmoja: hilo ni zito, limeshikamana, ni la msingi na la pembe za nyumba. Lililojibu kwa sauti nzito iliyokatika upesi lilikwenda upande mwingine: hilo lina matundu, ni la ukuta, kwa kuwa chokaa itaingia ndani yake na kushika. Lililotoa sauti mbili, ya kwanza kali na ya pili mbovu, lina ufa ndani, na hilo liliachwa palepale hata kama sura yake ni nzuri kupita yote. Vipande vidogo havikutupwa. Viliwekwa chungu peke yake, vya kutomea.

Mtoto alipewa kazi ya vipande. Aliketi chini ya kivuli na kuvitenga kwa ukubwa, na babu akipita alivipekua kwa kidole cha mguu na kusema, "Hiki si cha hapa." Hakueleza kwa nini. Mtoto akakirudisha mkononi, akakigeuza, akakipima na vingine mpaka akaona mwenyewe. Ami anasema hakuna alichofundishwa maishani kwa maneno machache kama yale, na hakuna kilichomkaa zaidi. Hata leo, akiulizwa na vijana kwa nini amelikataa jiwe fulani, hulitia mikononi mwa anayeuliza na kunyamaza. Wako wanaokasirika. Mmoja wao, anavyonieleza Ami, alilikalia jiwe hilo alasiri nzima, na sasa ana matangi yake mwenyewe na wateja wake mwenyewe.

Waashi wa pwani yetu walijua mawe ya namna mbili, na walijua lipi la kazi gani. Kuna jiwe la mwamba wa kale, uliokuwa chini ya bahari na sasa ni nchi kavu, gumu, lenye kingo kali, ambalo ndilo lililojenga kuta za miji kutoka Lamu mpaka Kilwa. Na kuna tumbawe bichi, lililokatwa baharini wakati wa maji kupwa, jepesi na laini likiwa na unyevu, likichongeka kwa zana ndogo, kisha likigumuka linapokauka. Kwa tumbawe la namna hii zilichongwa mihirabu na vizingiti vya milango. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, bado yanasomeka. Mtu aliyeichonga mistari ile hakuokota jiwe la kwanza alilokutana nalo ufukweni. Alichagua.

Ajabu ni kwamba wafugaji wa matumbawe katika matangi wamepita njia hiyohiyo ya mawe mawili. Walianzia kwenye jiwe bichi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaonyesha wenzake kwamba tangi la bahari linaweza kukaa salama kwa maji ya bahari, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa na viumbe vyake. Baadaye wafugaji wa Berlin walichukua wazo la jiwe hai, wakaliongezea mashine ya kuengua povu, na mtindo wao ukaenea Ulaya na Marekani. Basi meli na ndege zikaanza kubeba mawe kutoka Fiji, Tonga na Indonesia, tani kwa tani, yakiwa yamefungwa katika magazeti yaliyoloweshwa. Kila jiwe lilikuwa na minyoo, kaa, sifongo, mwani wa zambarau na mbegu za matumbawe. Lilikuwa zuri mno kulitazama. Lilikuwa pia kipande cha mwamba wa mtu mwingine.

Nchi zikaanza kujihami. Marekani ilifunga uchukuaji wa mawe hai katika maji ya shirikisho ya Florida tangu 1997, na waliotaka kuendelea na biashara wakalazimika kukodi sehemu ya bahari, kuzamisha humo mawe yaliyochimbwa nchi kavu, na kungoja bahari iyavike uhai kwa hiari yake. Fiji ilizuia usafirishaji mwishoni mwa 2017. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, unayaweka matumbawe magumu katika orodha yake ya pili, kwa hiyo biashara yake inataka vibali. Hivyo ndivyo jiwe kavu lilivyopata heshima ambayo zamani halikuwa nayo. Ni jiwe la mwamba uliokufa wenyewe zamani sana. Visiwa vya Florida Keys vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa miaka kama 125,000, wa enzi ambayo bahari ilikuwa juu kuliko leo, na sehemu kubwa ya miamba ya pwani yetu ni ya nyakati zisizo mbali na hizo. Anayeshika kipande cha mwamba huo na kukitazama kwa makini huona vijumba vya umbo la nyota vya wanyama wadogo waliokijenga, kila kimoja na kuta zake, havijafutika.

Sasa nirudi kwenye matundu, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Samaki akila atachafua maji, na uchafu huzaa amonia, sumu inayoua upesi. Juu ya jiwe, penye oksijeni, wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Watu wengi wanaishia hapo katika kufikiri kwao. Lakini nitrati nayo hujilimbikiza, na wa kuimaliza ni bakteria wengine, wanaokaa ndani kabisa ya jiwe, ambako maji hufika kwa kujipenyeza taratibu na oksijeni imekwishatumika njiani. Hao huivunja nitrati, na naitrojeni ikatoka majini ikiwa gesi. Kwa hiyo jiwe zito lisilo na matundu ni nyumba isiyo na vyumba: kuta zipo, pa kukaa hapana. Na jiwe lenye matundu makubwa yanayoonekana lakini yasiyokutana kwa ndani halina faida kubwa kuliko hilo. Ami anapopuliza anatafuta njia, anataka kujua kama vyumba vina milango.

Akimaliza kupuliza huomba ndoo ya maji. Hulizamisha jiwe mpaka chini, akaliachia, akachuchumaa. Mapovu makubwa hutoka kwanza, kwa fujo; hayo hayahesabu. Yakiisha, hungoja. Jiwe baya hunyamaza hapohapo. Jiwe jema huanza upya, mapovu madogo sana, mstari mwembamba kutoka mahali hapa, mwingine kutoka kule, yakipanda bila haraka, yakikoma na kuanza tena upande usiotazamiwa. Maji yanasafiri ndani, yanaisukuma hewa kutoka chumba hadi chumba. Niliona jiwe moja, la ukubwa wa kichwa cha mtoto, lililoendelea kutoa mapovu mpaka kijana wa duka akaweka mizani chini na kuchuchumaa nasi. Hakuna aliyesema kitu. Lilipotolewa lilikuwa limeongezeka uzito kiasi kwamba mkono uliusikia mara moja, na Ami akanipa nilishike, nami nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya jiwe lile ilikuwa ni nafasi.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa mizani. Kuna kanuni ya zamani inayorudiwa kila mahali, ratili moja mpaka mbili za jiwe kwa kila galoni ya maji. Ilitoka enzi za jiwe hai, nayo ilikuwa na maana yake. Lakini sokoni imegeuka kuwa hukumu. Mnunuzi anataja ukubwa wa tangi lake, muuzaji anapiga hesabu, mawe yanapimwa na kulipiwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeyashika. Jiwe zito humpa muuzaji fedha zaidi na hulifanyia tangi kazi kidogo zaidi. Jiwe jepesi, lenye kujaa njia ndani yake, kilo zake chache zinatosha mahali ambapo kilo nyingi za jiwe gumu hazitoshi, na linaacha nafasi ya maji na ya samaki kupita. Anayenunua kwa uzito analipia kile hasa asichokihitaji.

Yapo mambo mengine anayoyatazama, nayo nitayapitia upesi. Tone la siki juu ya jiwe lazima litokote, maana jiwe la chokaa ndilo linalofaa na siki haidanganyi. Mstari mwekundu wa kutu ni sababu tosha ya kulikataa, kwa kuwa madini ya chuma na shaba si rafiki wa matumbawe. Jiwe lililookotwa karibu na bandari au mfereji wa maji machafu halijadiliwi. Na jiwe lililotoka kwenye tangi la mtu aliyeacha kazi, hata kama linatolewa bure, hunuswa kwanza baada ya kulala usiku mzima majini. Likinuka vibaya lina maiti ndani, mabaki ya viumbe yaliyokauka mle na yanayongoja maji ili yaanze kuoza upya.

Kuosha ndiko kunakowashinda wengi, wala si kwa ugumu wake. Kunahitaji siku tu. Jiwe la chokaa hushika fosfeti, na likishazama huitoa kidogo kidogo kwa miezi, na mwani mrefu wa kijani hulishwa na hiyo fosfeti hata kama samaki hawajalishwa. Ami huyaweka mawe katika pipa la maji safi yenye pampu ndogo, akafunika yasipate mwanga, na kila baada ya siku kadhaa huchukua maji kidogo na kuyapima. Fosfeti ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, maji yote humwagwa na kuanzwa upya. Yako mawe aliyoyaosha hivyo mara nyingi kabla ya kuridhika. Wengine hutumia klorini, wengine tindikali iliyozimuliwa, na hizo zina mahali pake kwa anayejua kujikinga na kuyasuuza mawe vizuri baadaye. Yeye huzitumia kwa nadra. Anasema haraka ya kusafisha jiwe ni haraka ileile ya kulinunua.

Kisha kujenga. Hapa ndipo nilipomwona babu yake waziwazi, ingawa sikupata kumwona mzee huyo. Ami alichora umbo la tangi kwa chaki sakafuni, akamwaga mchanga, akayapanga mawe hapo kwanza, nje ya maji, ambako mkono uko huru. Kila jiwe kwake lina mgongo, tumbo na uso. Mgongo hupokea taa, na matumbawe yatakaa juu yake. Tumbo huelekezwa chini liwe pango la samaki. Uso hutazama chumbani. Jiwe likikataa kutulia juu ya nukta tatu, haliegemezwi kwa gundi. Hugeuzwa, na likikataa tena hupunguzwa kwa tindo. Anaiweka tindo kwenye mshipa wa jiwe, hapo ambapo mwamba wenyewe ulikuwa umepumzika katika kukua kwake, na pigo moja la nyundo linatosha. Vipande alivikusanya. Alivitomea katika viungio, kimoja kimoja, na nilipoona vidole vyake vikikigeuza kipande na kukirudisha chunguni kwa sababu si cha hapo, sikuhitaji kuuliza alijifunza wapi.

Mawe ya chini hukaa juu ya kioo chenyewe, na mchanga humwagwa baadaye, kwa kuwa kuna samaki na kamba wanaochimba, na mwamba uliosimama juu ya mchanga siku moja utaanguka. Nyuma huachwa upenyo, ili maji yasilale na mkono wa kusafisha upate kupita. Na juu huachwa utupu mwingi, mwingi kuliko anavyopenda mwenye nyumba. Wateja hulalamika kwamba wamelipia mwamba na wameletewa mawe machache. Ami huwaambia wangoje. Matumbawe yatakua, na yatakuwa na pa kukulia. Fundi anayejaza tangi siku ya kwanza amewanyima nafasi wakaaji ambao hawajafika bado.

Kazi ya namna hii inapotea, nayo inapotea mbele ya macho yetu. Siku hizi mawe hununuliwa kwa picha. Yapo yaliyotengenezwa kiwandani, yakapakwa rangi ya zambarau ili yafanane na jiwe lililovikwa mwani wake wa chokaa, jambo ambalo jiwe halisi huhitaji miezi mingi kulipata. Yapo yaliyokwisha kugandishwa kuwa tao na mnara, kila mteja apate tao lile lile. Sisemi kwamba hayafai kabisa. Bakteria watakaa hata humo. Nasikitikia kile ambacho mnunuzi hakipati. Hakulishika jiwe, hakulisikia, hajui lilitoka wapi, na tatizo likitokea hana pa kuanzia kufikiri. Tangi huwekwa maji jioni na samaki kesho yake, wakati jiwe kavu linahitaji wiki nne, sita, wakati mwingine zaidi, kabla bakteria hawajatosha. Samaki hufa. Halafu huja ile miezi ya mwani wa kahawia unaofunika kila kitu, ambayo ni hatua ya kawaida ya jiwe lisilokuwa na uhai linapoanza kuupata, na mwenye tangi akakata tamaa. Mawe yakatupwa jalalani. Mwamba uliosubiri miaka laki na zaidi ukashindwa kusubiriwa miezi sita.

Nyumbani nako hatuna la kujivunia. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zikianguka, mawe yake huchotwa kama kifusi, yale ambayo mtu aliyagonga na kuyasikiliza moja moja. Zinazokarabatiwa ovyo hupigwa lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, na ukuta uliozoea kupitisha unyevu nje hufungiwa nao pamoja na chumvi, ukaoza ndani kwa ndani huku uso wake ukipendeza. Mafundi wanaojua kupika chokaa, kuilaza na kuingoja bado wapo, Lamu na Unguja, lakini ukiwahesabu walio na wanafunzi utamaliza upesi. Mwamba wa kale wa Bamburi, karibu na Mombasa, umekuwa ukisagwa kwa saruji tangu miaka ya 1950. Machimbo yake yaliyoachwa wazi yalihuishwa na Rene Haller kwa mivinje kuanzia 1971 mpaka yakawa msitu, na kazi hiyo ni ya kupigiwa mfano. Jiwe lenyewe halikurudi.

Na bahari, ambayo ndiyo mama wa mawe yote haya, haiko katika hali ya kuombwa zaidi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, matumbawe yakapauka, na sehemu nyingi za pwani yetu zilipoteza mwamba hai mwingi kuliko wavuvi wazee walivyopata kuona. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika wimbi la nne la kupauka. Katika pwani ya Tanzania matumbawe yamechomwa kwa chokaa na miamba imevunjwa kwa baruti. Kila jiwe bichi linaloachwa mahali pake leo lina thamani ambayo halikuwa nayo wakati Lee Chin Eng alipoyapanga ya kwake. Ndiyo maana nauheshimu ufundi wa Ami kuliko uzuri wa matangi yake. Anatengeneza mwamba bila kuugusa mwamba. Anachukua kilichokufa zamani na kukipa kazi, na ili kifanye kazi hiyo anatumia ujuzi wa watu waliojenga misikiti na nyumba za pwani, ujuzi ambao sisi wenye pwani tunauachia uzikwe na wazee wetu.

Wewe msomaji unayefikiria kuweka tangi la bahari, uwe Muscat, Mombasa, London au Toronto, nakuomba mambo machache. Usinunue jiwe bichi lililong'olewa mwambani, hata ukiambiwa lina kibali. Nenda dukani mwenyewe, omba ndoo ya maji, na usione haya kuwachelewesha wenye duka. Mpe jiwe wiki zake kabla ya samaki. Na kama katika ukoo wako yupo mzee aliyejenga kwa mawe na chokaa, au mtoto wa mzee huyo, mchukue uende naye, mwache achague yeye, na mlipe siku yake kama fundi.